"Live" na "leave": mwongozo kamili kwa ulimi uliozoea Kiswahili

Kila nikifungua madaftari ya darasa langu la jioni nakutana na sentensi ileile: "I leave in Mbagala with my parents." Aliyeandika alitaka kusema anaishi Mbagala na wazazi wake. Mwingereza akiisoma atadhani huyu bwana yuko mbioni kuondoka, na wazazi kawabeba. Nikimsahihisha kwa wino mwekundu, wiki ijayo anaandika "I live" vizuri kabisa. Akifungua mdomo kuisoma, inatoka "leave" kama zamani.

Kwa miaka nimekuwa nikijibu kwa mkato: "moja fupi, moja ndefu." Jibu hilo ni kweli nusu, na halijamponya mtu. Safari hii nimepanga hatua zote, kila moja na sababu yake. Usiruke, hasa hatua ya pili. Kosa lenyewe huzaliwa pale, na karibu kila mtu huenda kulitafuta kwingine.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Simu yenye kinasa sauti. Ile ya kawaida iliyokuja na simu inatosha.
- Kioo kidogo, hata cha kunyolea.
- Vipande viwili vya karatasi na kalamu ya wino mzito.
- Kamusi ya Kiingereza yenye sauti. Cambridge na Oxford zote zinapatikana bure mtandaoni. Ukibonyeza alama ya spika unasikia neno linavyotamkwa.
- Mtu mmoja wa nyumbani mwenye subira. Si lazima ajue Kiingereza. Kazi yake ni kubonyeza tu.
- Dakika 15 kila siku. Saa mbili za Jumamosi moja haziwezi kuchukua nafasi yake, maana ulimi hujifunza kwa kurudia kidogokidogo, kama mkono unavyojifunza kusukuma chapati.

## Hatua ya 1: Jirekodi kabla hujasahihisha chochote

Washa kinasa sauti, soma sentensi hizi nne kama unavyozisema siku zote:

"I live in Tanga."

"I leave home at six."

"He can't live without his phone."

"He can't leave without his phone."

Mbili za mwisho nimezichagua kwa makusudi. Zote mbili zina maana nzuri: moja yasema hawezi kuishi bila simu, nyingine yasema hawezi kutoka nyumbani akiwa hana simu. Muktadha hautamwokoa msikilizaji. Ama umetamka sawa, ama hujatamka.

Hifadhi rekodi hiyo, ipe jina la tarehe ya leo, usiifute hata ikikuaibisha. Sababu ni hii: sikio la mtu humwonea huruma mwenyewe. Unapoongea unasikia ulichokusudia, na rekodi pekee ndiyo hurudisha ulichosema.

Hatua hii imefanikiwa pale tu rekodi inapokuwepo. Usijisahihishe bado.

## Hatua ya 2: Kata mkia wa neno

Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Neno la kigeni likifika mlangoni tunalivisha irabu ndipo tunaliruhusu kuingia: benki, filimu, lifti, chipsi, timu. Ni tabia nzuri, imetunzia lugha umbo lake. Ila tabia hiyohiyo tunasafiri nayo kwenda kwenye Kiingereza, kwa hiyo "live" inatoka "livu".

Sasa angalia kinachofuata. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi yenye mkazo huvutwa kidogo. Sema "bili" ya umeme kwa kawaida yako, sikiliza vizuri: ile "bi" imenyooka kuliko "li". Ukishaongeza "u" kwenye "live", silabi ya "li" imekuwa ya pili kutoka mwisho. Ulimi unaivuta bila kukuuliza. Umepata "liivu".

Na "liivu" ni "leave". Huhitaji kuniamini mimi, waulize wazee waliofanya kazi serikalini. Kabla neno likizo halijatawala, mtumishi akienda mapumziko alisema "nipo livu", na neno hilo limo kwenye kamusi zetu. Limetokana na "leave". Kwa hiyo kila unapomwambia mgeni "I livu in Tanga", umetamka neno la likizo lililokwisha kusajiliwa.

Ndiyo maana nasema kosa linaanzia mkiani. Unaweza kufanya mazoezi ya "i fupi" mwaka mzima. Ukiacha mkia, "i" itarefuka tena.

### Namna ya kuukata

Sema "lifti" polepole. Rudia, lakini simama baada ya "f": "lif". Usimalizie. Rudia mara 10.

Shika koo kwa vidole viwili. Sema tena "lif", halafu badili "f" iwe "v". Kwenye "f" koo limetulia, kwenye "v" linatetemeka kama kuna nyuki ndani. Sasa una "liv".

Tazama kioo. Meno ya juu yameketi kwenye mdomo wa chini. Yaache hapohapo mpaka sauti iishe kabisa, ndipo ufungue mdomo. Siri yote ya hatua hii ni hiyo: meno yakiwa yameketi, "u" haina pa kupitia. "Livu" hutokea pale unapoyanyanyua meno ilhali koo bado linatoa sauti.

Waliopita madrasa wana bahati hapa. Ukisoma "ar-Rahiim" ukasimama, unafunga kwa "m" bila kuongeza irabu. Ulimi wako tayari unajua kufunga neno kwa konsonanti. Tumia ujuzi huohuo kwenye "v".

Angalia: wengine wakiogopa mkia huiua "v" ikawa "f". Hapo "leave" inakuwa "leaf", yaani jani, na "live" haiwi neno lolote. Koo litetemeke mpaka mwisho.

Utajua umefaulu ukirekodi "liv" mara tano, ukasikiliza, na baada ya "v" pakawa kimya. Ukisikia kivuli cha "u" au "i", baki hapa siku nyingine moja.

## Hatua ya 3: Ishushe "i" ya "live"

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza hufundishwa kuwa na 12, ukiacha zile zinazoungana mbilimbili. Pale ambapo sisi tuna "i" moja, wao wana mbili, na ni irabu tofauti kabisa kwao, kama "e" na "a" zilivyo tofauti kwetu.

Ushahidi umo mdomoni mwetu. Sema "dili" na "bili". Kwetu yana vina, unaweza kuyatia kwenye shairi na hakuna wa kulalamika. Kwa Kiingereza "deal" na "bill" hayana vina hata kidogo. Vivyo hivyo "jinzi" na "chipsi": la kwanza limetoka kwenye neno lenye irabu ndefu ya juu, la pili limetoka kwenye lenye irabu fupi iliyoshuka. Yalipoingia kwetu yote yakapewa "i" ileile, na njia ya kurudi ikapotea.

Basi irabu ya "live" iko wapi? Iko katikati ya "i" yetu na "e" yetu, karibu zaidi na "i".

### Zoezi la ngazi

Toa sauti ya "i" ndefu, bila kukata pumzi, halafu teremka taratibu mpaka "e": "iiii...eeee". Fanya mara tatu uzoee njia.

Mara ya nne, simama baada ya theluthi ya safari. Sauti utakayokuwa nayo utaisikia kama "i" iliyochoka, au "e" iliyobanwa. Haina jina kwa Kiswahili. Ishike hiyohiyo, ikate iwe fupi: hiyo ndiyo irabu ya "live", "sit", "bill", "give", "fish".

Weka "l" mbele na "v" nyuma, na mkia umeshaukata: "live".

Rudi kwenye kioo. Midomo yako inapaswa kuwa imelegea, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Ukijiona unatabasamu, umerudi kwenye "i" ya Kiswahili.

Angalia: usishuke sana. Ukifika "e" kamili utakuwa unatamka mwanzo wa "level". Mwanafunzi wangu mmoja alishuka kwa bidii hadi akawa anasema "I lev in Tabora". Ilibidi tumpandishe tena kwa wiki nzima.

Msomaji wa Goma au Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa asishangae akiona hatua hii inamchukua muda zaidi. Kifaransa nacho kina "i" moja ya juu kama Kiswahili, kwa hiyo lugha zake zote mbili zinamvuta upande mmoja. Siku mbili tatu za ziada zitatosha.

Utajua umefaulu ukisema "give, live, give, live" na kuyasikia yana vina, kisha ukasema "dili" kwa Kiswahili na kusikia wazi kuwa "i" yake ni nyingine.

## Hatua ya 4: Ipandishe na kuivuta ya "leave"

Hapa kazi ni ndogo, maana irabu hii tunayo. Sema "hii", kama unaonyesha nyumba: "hii". Ondoa "h", weka "l", funga kwa "v" bila mkia: "leave". Tabasamu, midomo ivutike pembeni.

Neno moja kuhusu urefu. Usitegemee urefu peke yake. Kiingereza hurefusha kidogo irabu yoyote iliyo kabla ya "v", hivyo hata "live" si fupi sana. Mzungumzaji wa Kiingereza hutofautisha maneno haya zaidi kwa mahali ulimi ulipo kuliko kwa muda. Ndiyo sababu mzungumzaji wa Kiganda, ambaye lugha yake hutenganisha irabu fupi na ndefu tangu utotoni, bado anaweza kuteleza hapa: urefu anao, mteremko hana. Na ndiyo sababu jibu langu la zamani la "fupi na ndefu" lilikuwa nusu tu.

## Hatua ya 5: Fundisha sikio kwa karatasi mbili

Andika ISHI kwenye karatasi moja, ONDOKA kwenye nyingine. Tumia Kiswahili, usiandike "live" na "leave". Tunataka sauti iende moja kwa moja kwenye maana, isipitie herufi.

Mwenzako afungue kamusi, kurasa za maneno yote mawili. Akufiche kioo cha simu. Abonyeze sauti moja anayoitaka, nawe unyanyue karatasi. Mara 20, bila mpangilio unaoweza kuukisia. Aandike alama.

Ukipata 10 kati ya 20, unarusha shilingi tu. Ukipata 18 kwa siku tatu mfululizo, sikio limekubali.

Ukiwa peke yako, geuza zoezi. Washa kipaza sauti cha kibodi ya simu, weka lugha iwe Kiingereza, sema neno mojamoja uone simu inaandika nini.

Angalia: simu hukisia. Ukiiambia sentensi nzima kama "I leave in Nairobi" inaweza kukurekebishia ikaandika "live", nawe ukajipongeza bure. Ipime kwa neno moja, au kwa zile sentensi zenye maana mbili nilizoweka hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Funga tahajia

Sauti ikishakaa, maandishi ni rahisi, na hapa nitapita haraka.

"Leave" ina "ea" kama "tea", "sea", "eat" na "read". Ukiona "ea" hiyo, tabasamu. "Live" ni ndugu wa "give". Yaandike pamoja daftarini na uyasome pamoja.

Ile "e" ya mwisho kwenye yote mawili haitamkwi. Ipo kwa sababu Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa herufi "v". Usiipe sauti, itakurudishia mkia.

Kwenye kuongeza "-ing", "e" inaondoka: "living", "leaving". Hapa ndipo mabango yanapoumbuka. Nimewahi kupita duka la samani lililoandika kwa rangi nyekundu "Leaving Room Sofas", na nikajiuliza kama sebule nayo imepata safari. Sebule ni "living room". Gharama za maisha ni "cost of living".

Kwenye "-s" kuna mitego miwili. "Lives" inaweza kuwa "anaishi", au ikawa wingi wa "life", na hapo hutamkwa "laivz". "Leaves" inaweza kuwa "anaondoka", au ikawa majani ya mti. Tena kuna "live" ya matangazo ya mubashara, ambayo hutamkwa "laiv" na kuandikwa vilevile. Ukisoma "live match", ni "laiv". Ukisoma "they live", ni ile ya hatua ya tatu.

Ukifungua kamusi ya kuchapishwa isiyo na sauti, tazama alama za matamshi: /lɪv/ ni kuishi, /liːv/ ni kuondoka. Nukta mbili huonyesha kuvuta, na umbo lenyewe la ɪ linakukumbusha kushuka.

## Hatua ya 7: Yaweke kwenye sentensi bila kutafsiri Kiswahili

Wengi hufika hapa wakiwa na matamshi safi, kisha sentensi inawaangusha. Sababu ni kwamba vitenzi vyetu haviendi sambamba na vyao.

### "Live" na kitenzi chetu "kaa"

Sisi tunakaa. Tunakaa kwenye kiti, tunakaa kimya, tunakaa Kariakoo. Kwa hiyo Mtanzania na Mkenya wengi huuliza "Where do you stay?" wakimaanisha unaishi wapi. Sisi kwa sisi tunaelewana. Kwa Waingereza na Wamarekani wengi "stay" ni mahali unapofikia kwa muda, kama hoteli au kwa shangazi siku nne.

Kwenye fomu ya viza jambo hili si dogo. "Where do you live?" inataka anwani ya nyumbani kwako. "Where will you stay?" inataka mahali utakapofikia ukiwa ugenini. Nahisi watu wengine wamekimbilia "stay" kwa sababu tu "live" iliwasumbua kutamka. Sasa huna sababu.

Jambo la pili: "naishi" yetu hubeba mambo mawili. "I live in Morogoro" ni makazi yako ya kudumu. "I am living in Morogoro" ni kwa sasa, huenda mradi ukiisha utahama. Usiweke "am" mbele ya kila kitu kwa kuwa Kiswahili kina "na".

Viambatanishi vya kukariri: "live in" kwa mji, mtaa au nchi, "live at" kwa namba ya nyumba, "live with" kwa mtu, "live on" kwa kipato unachojikimu nacho. "She lives on 10,000 shillings a day" haina maana kwamba amejenga juu ya noti.

### "Leave" na "kutoka", "kuacha", "likizo"

Kwa Kiswahili unaondoka kutoka Mwanza. Kwa Kiingereza "leave" tayari imebeba "kutoka" ndani yake, hivyo unasema "I left Mwanza on Monday." Ukisema "I left from Mwanza" hujafanya dhambi, ila umehamisha mkazo ukaenda kwenye kituo cha kuanzia safari. "From" inafaa pale unapotaja mahali chombo kinapoanzia: "The bus leaves from Mbezi", kwa maana ya stendi ya Magufuli.

Unakoelekea huwekewa "for": "We leave for Mwanza tomorrow." Angalia tofauti: "leave Mwanza" ni kuiacha Mwanza, "leave for Mwanza" ni kuifuata. Neno moja dogo, na basi linageuza uelekeo.

Tukiwa hapohapo stendi: tiketi ikisema saa 12 asubuhi, kwa Kiingereza ni "The bus leaves at six." Usimwambie mgeni "twelve" ukaja kumkuta adhuhuri na begi lake, anatafuta basi ambalo saa hizo limeshapita Morogoro.

"Leave" pia ni kuacha kitu: "I left my keys at home", nimesahau funguo nyumbani. Ni kubakiza: "Leave some rice for your brother." Na "Leave it" ni achana nayo.

Mwisho ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za "annual leave". Ya Kenya ya 2007 inampa siku 21 za kazi. Barua ya kuomba siku hizo isiandikwe "I am requesting for my annual live." Andika "I am requesting my annual leave", na hiyo "for" uiache ilale. Ukiwa tayari likizoni, "I am on leave", bila "a" wala "the".

### Wakati uliopita ni rafiki yako

"Live" inakuwa "lived". "Leave" inakuwa "left". Hayafanani tena hata kidogo. Anayesema "leaved" kwa kumaanisha aliondoka amejinyima zawadi aliyopewa bure.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika aya ya sentensi sita kuhusu maisha yako, yenye "live" mara tatu na "leave" mara tatu, na mtu mwingine akaitafsiri kwa Kiswahili bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 8: Mtihani wa jozi

Soma jozi hizi kwa sauti, kila sentensi mara mbili, ukijirekodi. Zote zina maana kwa kila upande, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

"I'm going to live with my uncle." / "I'm going to leave with my uncle."

"How can she live with so little?" / "How can she leave with so little?"

"When did you live here?" / "When did you leave here?"

"I want to live here." / "I want to leave here."

Ya mwisho irudie zaidi. Kwenye chumba cha mahojiano ya kazi au ya uhamiaji, hiyo ndiyo inayoweza kukupa jibu usilolitaka.

Utagundua jambo moja zuri. Kwenye "live in" na "live at", "v" inarukia irabu inayofuata: "li-vin", "li-vat". Ulimi wa Kiswahili hupenda mpangilio huo, na mkia haupati nafasi. Kwa hiyo "I live in Dodoma" huja rahisi kuliko "live" peke yake. Lakini "li" isirefuke njiani. Midomo ibaki imelegea.

Siku ya 14, fungua ile rekodi ya kwanza, usikilize, halafu rekodi upya sentensi zilezile nne. Mpe yule mwenzako asikilize zote mbili na zile karatasi mkononi. Ikiwa bado ananyanyua ONDOKA pale unaposema unaishi, usirudi mwanzo. Rudi hatua ya pili, uangalie meno kwenye kioo. Mara tisa kati ya kumi nimekuta mkia umeota tena.

## Ukikwama mbele ya watu

Woga hurudisha ulimi nyumbani. Ikitokea, usirudie neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi; kelele huvuta irabu, na "live" itazidi kuwa "leave". Zunguka.

Badala ya "I live in Temeke", sema "My home is in Temeke." Badala ya "I leave on Friday", sema "I'm going on Friday" au "My flight is on Friday." Kama ni jambo lililokwisha kupita, kimbilia "left" na "lived".

Maneno mengine yanayofuata njia hii ni "sit" na "seat", "fill" na "feel", "slip" na "sleep", "rich" na "reach", "chip" na "cheap", "ship" na "sheep". Anza nayo hatua ya tatu moja kwa moja. Mkia umeshajua kuukata.

Ila "sheet" na "beach" uyavute bila haya, tabasamu mpaka masikioni. Ukiyafupisha, yote mawili ni matusi, na muhudumu wa hoteli uliyemwomba shuka safi atakutazama vibaya.